Tafuta siku bomba lilipofungwa: namna ya kupima kama msaada au biashara ndiyo iliyoinua nchi

Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuhariri makala za uchumi, na kuna sentensi mbili nimezisoma mpaka zimenichosha. Ya kwanza: nchi fulani ilitajirika kwa sababu ilipewa misaada. Ya pili: nchi fulani ilitajirika kwa sababu iliachana na misaada ikafanya biashara. Kichekesho ni kwamba mara nyingi nchi yenyewe ni ile ile moja, Korea Kusini, na waandishi wote wawili wana takwimu za kuwatetea.

Nisijifanye mwema. Nami niliwahi kuandika kwamba Korea Kusini ilijiinua kwa jasho lake bila mkono wa mtu. Wiki iliyofuata ikaja barua ya msomaji mmoja mstaafu, kurasa mbili za mwandiko wa mkono, hakuna tusi hata moja, tarehe na kiasi tu. Misaada ya Marekani baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Fedha za Japani za mwaka 1965: dola milioni 300 za ruzuku na milioni 200 za mikopo. Kandarasi za vita vya Vietnam. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kesho yake nikanunua daftari kubwa la mistari, na njia ninayoieleza hapa ilizaliwa humo. Itamfaa mwanafunzi mwenye insha, mwandishi mwenye makala, au yeyote anayetaka kubishana juu ya jambo hili bila kuumbuka.

Piga mistari kwanza

Ipe kila nchi kurasa mbili zinazotazamana, uzigawe safu nne. Ya kwanza: nini kiliingia kutoka nje. Ya pili: kilinunua nini. Ya tatu: aliyekitoa alipata nini. Ya nne: kilikwisha lini, yaani siku bomba la fedha au soko lilipofungwa.

Katika safu ya kwanza usiandike misaada peke yake. Andika kila kitu ambacho nchi ilikipata kwa sababu mtu wa nje aliamua iwe hivyo: ruzuku, mikopo ya riba nafuu, madeni yaliyofutwa, soko lililofunguliwa bila ushuru, bei iliyohakikishwa, mgawo wa kuuza, kandarasi, hata ulinzi wa kijeshi uliopunguza mzigo wa bajeti. Watu hutenganisha msaada na biashara kama mafuta na maji. Ukishajaza kurasa tatu nne utaona kwamba vingi vya hivyo hujui uviweke wapi. Usihangaike, viweke vyote pamoja.

Kiasi ni mwanzo tu

Mwandishi chipukizi hukimbilia jumla. Basi mwache akimbilie, kisha mpe mfano wa Mpango wa Marshall. George Marshall, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliutangaza Juni 1947, sheria yake ikapita Aprili 1948, na mpaka ulipomalizika mwanzoni mwa miaka ya 1950 Marekani ilikuwa imetoa kama dola bilioni 13 kwa nchi za Ulaya Magharibi. Aliyepata fungu kubwa kuliko wote ni Uingereza. Ujerumani Magharibi ilipata chini ya nusu ya kile ilichopata Uingereza. Nani kati ya hao wawili alikua kwa kasi zaidi katika miaka ya 1950? Ujerumani, tena kwa mbali.

Hapo mwanafunzi wangu mmoja alirukia kusema kwamba basi misaada haina maana. Nikamwambia rudi kwenye safu ya kwanza, hujamaliza kuijaza. Februari 1953, mjini London, wadai wa Ujerumani walikubali kuikatia karibu nusu ya deni lake la nje, na mpangilio wa malipo ukawekwa ili nchi ilipe kutokana na ziada ya biashara yake. Soma tena sehemu hiyo ya mwisho. Mdai anayetaka kulipwa kutokana na mauzo ya mdaiwa hana budi kuziachia bidhaa za mdaiwa ziuzwe. Katika jedwali la misaada ya 1948 hutaona kitu kama hicho, na kwa maoni yangu kilikuwa na uzito kuliko mgawo wenyewe wa dola.

Fuata fedha mpaka zilipotua

Safu ya pili ndiyo yenye kazi. "Zilisaidia maendeleo" si jibu. Likija mezani kwangu nalipiga mstari. Andika kitu: bwawa, mbegu, mishahara ya walimu, unga, mashine za kufuma, magari ya wakubwa.

Ujerumani hapa inafundisha jambo ambalo wengi hawalijui. Mwagizaji aliyepokea pamba au mashine za Marekani hakupewa bure. Alilipa kwa mark, sarafu ya Ujerumani, na fedha hizo zikaingia mfuko maalumu, wakati muuzaji wa Marekani alilipwa dola na serikali yake. Ule mfuko wa mark ukakopeshwa kwa viwanda, umeme na nyumba, hasa kupitia benki ya KfW iliyoanzishwa 1948. Mikopo ikarudi, ikakopeshwa tena. Msaada mmoja ukafanya kazi mara mbili, mara tatu.

Korea Kusini ya miaka ya 1950 ndiyo kinyume chake. Misaada ya Marekani ililipia sehemu kubwa ya bidhaa zilizoagizwa, na thamani ya sarafu ilishikiliwa juu kuliko ilivyostahili. Ukipata kibali cha kununua dola kwa bei ya serikali, umeshatajirika kabla hujazalisha hata kitufe. Nafaka za ziada za Marekani nazo zikafanya mkulima ashindwe kuuza zake kwa bei ya maana. Nchi ililishwa, na hilo si dogo baada ya vita vile, lakini faida kubwa ilikuwa kwenye foleni ya vibali.

Kisha angalia nini kilibadilika. Mwaka 1964 sarafu ilishushwa kutoka won 130 kwa dola hadi won 255. Ghafla aliyeuza nje akapata karibu mara mbili kwa kila dola. Mwaka huo huo mauzo ya nje yalifika dola milioni 100, na tarehe 30 Novemba ikafanywa sikukuu ya mauzo ya nje. Walikuwa wakiuza nini? Mbao za plaiwudi, nguo, na nywele za bandia. Ndiyo, mawigi. Kila nikimwona mtu anaandika kwamba Korea ilianza na teknolojia ya juu namkumbusha mawigi. Mwaka 1977 mauzo yalikuwa yamefika dola bilioni 10.

Mtu mwingine wa kufuatiliwa katika safu hii ni Botswana. Ilipopata uhuru 1966 ilikuwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na Uingereza ndiyo iliyoziba pengo la bajeti ya matumizi ya kawaida mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Almasi za Orapa ziligunduliwa 1967, mgodi ukafunguliwa 1971. Wasimulizi wengi huishia hapo: walipata bahati ya mawe. Lakini nchi zenye mawe ziko nyingi. Kilichonivutia mimi ni mambo mawili ya kiofisi kabisa, yasiyo na mvuto wa picha. Kwanza, wafadhili waliambiwa miradi yao iingie ndani ya mpango wa taifa, na swali la nani atalipia uendeshaji wa zahanati au shule baada ya mfadhili kuondoka liliulizwa kabla ya jengo kuanza. Pili, serikali haikuona haya kurudi mezani. Ilijadili upya umoja wa forodha na Afrika Kusini mwaka 1969, ikapata fungu bora la ushuru; na katika kampuni ya almasi iliyoimiliki pamoja na De Beers, kampuni kubwa ya biashara ya almasi, hisa zake zilipanda kutoka asilimia 15 hadi 50 mwaka 1975. Ukurasa wangu wa Botswana una neno moja limezungushiwa duara: *walirudi*.

Biashara nayo ina mfadhili wake

Sasa nifike kwenye ukurasa ninaoupenda kuliko yote, Morisi (Mauritius). Nikiwa na saa moja tu ya kumfundisha mtu njia hii, natumia Morisi.

Mwaka 1961 James Meade, mchumi Mwingereza ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, aliandika kwa huzuni juu ya mustakabali wa kisiwa hicho: watu wengi, zao moja la miwa, mbali na kila soko. Hakukosea katika kueleza tatizo. Alikosea katika kukisia mwisho wake.

Jaza safu ya kwanza. Mwaka 1975, katika mkataba wa Lomé kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibi na Pasifiki, kulikuwa na itifaki ya sukari. Morisi ilipata mgawo mkubwa kuliko nchi nyingine yoyote, karibu tani nusu milioni kwa mwaka, kwa bei iliyohakikishwa ambayo kwa miaka mingi ilikuwa juu sana kuliko bei ya soko la dunia. Jina lake ni biashara. Meli, ankara na mizani vyote vipo. Lakini ile tofauti ya bei ni zawadi iliyovaa koti la biashara. Kwenye jedwali la misaada haimo. Anayesema Morisi haikusaidiwa hajatazama koti.

Jambo la pili lilitoka upande ambao hakuna aliyelikusudia. Kuanzia 1974 nchi tajiri ziliweka migawo ya nguo chini ya mkataba wa nyuzi. Wafanyabiashara wa Hong Kong, migawo yao ikiwa imejaa, walitafuta nchi ambayo mgawo wake bado una nafasi na ambayo nguo zake zinaingia Ulaya bila ushuru. Kizuizi kilichowekwa kumbana mmoja kikamfungulia mwingine. Morisi ilikuwa tayari: tangu 1970 ilikuwa na sheria ya maeneo ya uzalishaji kwa ajili ya kuuza nje, ambamo kiwanda kiliingiza malighafi bila ushuru na kupewa nafuu ya kodi.

Safu ya pili: kilinunua nini? Serikali iliitoza sukari kodi wakati wa kuuza nje, na kodi hiyo ikalipia elimu na afya. Matajiri wa miwa nao, badala ya kupeleka faida yote nje, waliingiza sehemu yake kwenye viwanda vya nguo na hoteli. Katika miaka ya 1980 wanawake kwa maelfu waliingia viwandani, na ukosefu wa ajira uliokuwa umemtisha Meade ukayeyuka.

Safu ya nne inauma. Ule mkataba wa nyuzi ulikufa tarehe 1 Januari 2005. Ulaya ikaanza kukata bei ya sukari mwaka 2006, asilimia 36 kwa awamu, na itifaki yenyewe ikafika mwisho 2009. Mapigo mawili ndani ya miaka mitano. Viwanda vilifungwa na watu wakapoteza kazi. Usimwamini anayesema ilikuwa laini. Ila siku bomba lilipofungwa kulikuwa na vitu vimesimama: shule, hoteli, mabenki, viwanda vya sukari vilivyounganishwa na kugeukia sukari maalumu, na mabaki ya miwa yanayochomwa kuzalisha umeme. Swali la kuandika pembeni kwa penseli: kama bei ile nzuri ingedumu milele, vitu hivyo vingejengwa?

Aliyetoa alipata nini

Safu ya tatu watu huijaza kwa hasira, nami siipendi hasira kwenye daftari. Andika tu. Marshall alitaka Ulaya isiangukie mikononi mwa Moscow na iweze kununua bidhaa za Marekani. Sheria ya Marekani ya 1954 ya kutoa nafaka nje ililisha wenye njaa na kupunguza maghala yaliyojaa. Msaada unaokulazimisha ununue mashine na kuajiri wataalamu kutoka kwa huyo huyo mfadhili unapaswa kuandikwa mara mbili, kwako na kwake. Maslahi ya mtoaji hayaufanyi msaada kuwa mbaya. Yanakueleza tu utadumu mpaka lini, kwa sababu maslahi yakiisha nao unaisha.

Haiti ni mfano mchungu. Mwaka 1995 ushuru wa mchele ulishushwa hadi asilimia 3, mchele wa Marekani uliopewa ruzuku ukafurika, na mkulima wa Haiti akabwagwa. Machi 2010 Bill Clinton, aliyekuwa rais wakati huo wa ushuru, alikiri mbele ya kamati ya Seneti kwamba lilikuwa kosa, kwamba pengine liliwafaa baadhi ya wakulima wa Arkansas, jimbo lake. Nimeandika ukurasa huo wote kwa wino wa kawaida, lakini nakiri mkono ulitetemeka kidogo.

Safu ya nne

Waandishi wengi hupenda kufungia makala zao kwa methali ile ya mtegemea cha nduguye. Nimeikata mara nyingi sana. Taiwan ilitegemea cha ndugu kwa takriban miaka 15, kama dola milioni 100 kila mwaka kutoka Marekani, na haikufa maskini. Methali inayofaa hapa ni ile ya mgeni: siku mbili ni mgeni, siku ya tatu mpe jembe. Wakuu wa Taiwan walijua jembe linakuja. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walianza kuwaambia wazi kwamba msaada una mwisho. Mwaka 1960 ukatoka mpango wa mageuzi wa vipengele 19 pamoja na sheria ya kuvutia uwekezaji. Msaada wa kiuchumi ulikatwa katikati ya 1965. Mwaka uliofuata eneo la uzalishaji wa kuuza nje lilifunguliwa kwenye bandari ya Kaohsiung. Zipange tarehe hizo wima kwenye safu uone jinsi zinavyofuatana.

Kisha weka Kuba ukurasa wa pili. Umoja wa Kisovieti uliinunua sukari yake kwa bei ya juu kuliko ya dunia na kuiuzia mafuta kwa masharti mazuri, huku Marekani imeifungia mlango. Hakuna tarehe ya mwisho iliyotajwa, kwa hiyo hakuna aliyejipangia siku hiyo. Mnunuzi alitoweka 1991. Kati ya 1990 na 1993 uchumi ulipungua kwa takriban theluthi moja. Elimu na afya zilikuwepo, tena nzuri, na ndizo zilizobaki zimesimama. Kilichokosekana ni bidhaa ya pili na mnunuzi wa pili.

Kwa hiyo ukitaka njia ya mkato, acha safu nyingine zote na utafute tarehe mbili: siku watu walipoambiwa bomba litafungwa, na siku lilipofungwa. Pima miaka iliyo katikati, na uandike kilichojengwa ndani yake.

Takwimu zitakazokudanganya

Hapa nitapita haraka. Msaada ulioingia si msaada uliobaki. Toa malipo ya madeni ya mwaka huo huo ndipo uandike. Mauzo ya nchi moja yalinganishe na manunuzi yaliyoandikwa na nchi ya pili kwenye hifadhidata ya Comtrade ya Umoja wa Mataifa. Tofauti ndogo ni nauli na bima, kwa kuwa mnunuzi kwa kawaida huzihesabu na muuzaji hazihesabu, lakini tofauti kubwa ni ya kuulizia. Nalo pato la taifa lisikulevye. Mwaka 2015 pato la Ireland lilipanda takriban asilimia 25 kwa mwaka mmoja, hasa kwa sababu makampuni makubwa ya kigeni yalihamishia huko mali zao za hataza na programu kwenye vitabu vya hesabu. Wala hakuna mtaa ulioonekana kutajirika kwa robo usiku mmoja. Wenyewe Waireland walilazimika kubuni kipimo kingine cha kujipima.

Usisahau pia mlango ambao uko wazi lakini mwembamba. Soko linaweza kutoza sifuri kwa kakao ghafi na kutoza ushuru kwa kakao iliyosagwa ikitoka nchi isiyo na mkataba maalumu. Au likaondoa ushuru wote kisha likadai nguo iwe imeshonwa kwa kitambaa kilichofumwa mahali fulani. Soma masharti ya uasili wa bidhaa kabla hujaandika "soko huru".

Ukurasa ambao haujafungwa

Ule wa Korea Kusini nilidhani nimeumaliza. Kisha mwaka 2010 nchi hiyo ikaingia rasmi kwenye kamati ya wafadhili ya OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, na tangu hapo imekuwa ikinitokea kwenye kurasa za wengine, safu ya kwanza. Mahali inaponitokea zaidi ni Vietnam: mageuzi ya uchumi yaitwayo Doi Moi 1986, vikwazo vya Marekani kuondolewa 1994, mkataba wa biashara na Marekani 2001, Shirika la Biashara Duniani Januari 2007, na chini yake, kwa mwandiko wangu uliobanwa kwa kukosa nafasi, kiwanda cha simu cha Samsung huko Bac Ninh, 2009. Safu ya pili bado naijaza: ni viwanda vingapi vya Kivietinamu vinavyotengeneza vipuri vya simu hizo, na ni vingapi vinavyotengeneza maboksi ya kuzifungia. Safu ya nne nimeiacha tupu.